Teksi za Kampala: siku nne kati ya Kireka na mjini

Mimi ni fundi cherehani wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mwezi uliopita niliteremka Kampala kutafuta zipu, nyuzi na kichwa cha cherehani, nikafikia kwa mdogo wangu Kireka, nje kidogo ya mji upande wa mashariki. Siku zote nne nilipanda teksi, yaani zile gari nyeupe zenye mkanda wa miraba midogo ya buluu ubavuni, ambazo Mkenya angeziita matatu na Mtanzania daladala. Naandika kwa ajili ya wenzangu wasiojua Kiganda, maana hakuna aliyeniambia haya kabla sijasafiri.

Kwanza nauli. Asubuhi ya kwanza konda alininyooshea mkono akasema, "Nkumi bbiri." Nilichosikia ni kumi mbili. Kumi mbili ni ishirini, na huu ni mji mkuu, nikatoa noti ya 20,000. Aliitazama, akaikunja kwa urefu, akaibana katikati ya vidole pamoja na nyingine, kisha akaendelea kuitia watu njiani. Nami nikakaa nikihesabu zipu ngapi zimeondoka na ile nauli. Tulipofika Nakawa akageuka: "Balansi, nnyabo," yaani chenji yako, mama. Akanihesabia kiganjani 10,000, 5,000, 2,000 na sarafu ya 1,000. Nilikuwa nadaiwa 2,000 tu! Kwa Kiganda elfu moja ni lukumi, elfu mbili ni nkumi bbiri, na elfu kumi huitwa mutwalo. Yule kijana angenyamaza, nisingejua mpaka leo. Kwa hilo peke yake ningeipa huduma hii alama za juu.

Kasoro niliikuta jioni, Old Taxi Park, kituo kikubwa cha teksi mjini, kule bondeni ambako gari zimebanana hata unapita ubavu ubavu. Mpiga debe alinivuta kwenye teksi ya Kireka iliyobakiza viti viwili. Nikafurahi, kwa sababu teksi haiondoki mpaka ijae. Jirani yangu alikuwa kaka mmoja mpole sana, akanishikia mfuko wa nyuzi nikinunua mahindi ya kuchoma dirishani. Akaja mama mwenye mtoto, yule kaka akanirudishia mfuko, akashuka. Wakaja wanafunzi wawili, wakashuka wengine wawili. Kumbe nusu ya gari walikuwa watu wa kituo, wamewekwa ili ionekane imejaa! Ubavuni imeandikwa abiria 14, na nadhani nilishuhudia zaidi ya ishirini wakikaa humo kabla hatujaondoka. Huku ni kumpotezea msafiri muda wake, na ningependa ikome. Siku zilizofuata nilikuwa naangalia kwanza nani ana mzigo mapajani. Mwenye mzigo ni abiria kweli.

Jambo lililonigusa zaidi ni la siku ya pili. Nilipokaribia kushuka nikasema kwa sauti, "Shusha hapa!" Dereva akafunga breki kwa nguvu, gari zima likanyamaza, konda akafungua mlango akisema, "Pole, afande." Mimi afande! Nina futi ya kupimia nguo shingoni. Mzee mmoja kiti cha nyuma akanieleza taratibu, kwa Kiswahili kizuri alichojifunzia kazini reli, kwamba Waganda wengi wa rika lake walikisikia kwanza kinywani mwa askari, tena siku mbaya. Iliniuma. Kwetu Arua Kiswahili ni lugha ya sokoni, unaulizia nayo bei ya nyanya na kumpa pole mfiwa. Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini ndani ya teksi bado kinaogopesha watu. Mzee akanifundisha neno la kushukia: "mu maaso awo", yaani hapo mbele. Ongeza "ssebo", yaani bwana, na utashushwa kwa heshima.

Bei hazibandikwi popote. Mvua ikinyesha zinapanda, jioni vilevile, kwa hiyo uliza kabla hujakaa. Epuka kile kiti cha kukunja, kila anayeshuka atakuinua. Jamu ya Jinja Road, barabara ya kwenda Kireka, usiipigie hesabu, toka mapema.

Siku ya mwisho nilikuwa na kichwa cha cherehani, chuma kitupu, kimefungwa kwenye gunia. Bodaboda alitaka nikipakate mbele yake hadi Kireka, nikakataa. Konda wa teksi alikipima kwa mkono, akasema kitalipa kiti, 2,000 kama mtu. Nikaona ni haki. Akakiweka dirishani, akaniambia nikae kando yake nikishike kisianguke kwenye kona.

Nakawa akapanda mama mnene mwenye kapu, gari imejaa, akaona gunia limekaa kitini. Akaanza kulisogeza. Konda akamzuia kwa mkono: "Nnyabo, huyo amelipa." Abiria wakacheka hadi dereva akageuka. Yule mama akaligonga gunia kwa kidole, likalia ngo! Akaniuliza, "Ni nini hii?" Nikamwambia ni kazi yangu. Akasema binti yake naye anashona, magauni ya kwanjula, ile sherehe ya kutambulisha mchumba kwa wazazi, akajibana kwenye kile kiti cha kukunja mpaka Banda, akiniuliza bei ya kushona sare za shule huko Arua.

"Mu maaso awo, ssebo," nikasema tulipofika Kireka. Konda alishusha cherehani kwanza, akaliweka juu ya kibaraza pakavu, kisha akanipa mkono mimi.