Mfumo Unaishia Kwenye Mita: Uzoefu Wangu wa Kulipa Bili kwa Simu

Nyumba tunayopanga hapa Kihonda, Morogoro, ina vyumba sita, familia tano na mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Mita iko ukutani koridoni, juu kidogo ya kimo changu, na chini yake kuna kigoda ambacho hakuna anayethubutu kukihamisha. Mwaka 2019 aliyekuwa anakusanya hela ya umeme alihama, na wenzangu wote wakanigeukia mimi, eti kwa kuwa nina steshenari na nimezoea kompyuta. Tangu siku hiyo mimi ndiye mhasibu wa nyumba. Mshahara hakuna, lawama zipo.

Kwa hiyo haya nayaandika nikiwa nimelipa bili za nyumba hii kwa simu kwa miaka, na nikiwa nimewachapia watu kontroo namba, zile namba za kulipia madeni ya Serikali, dukani hadi vidole vinazijua.

Nianze na LUKU, maana ndiyo inayonitoa kitandani. Wapangaji wenzangu wengi walikuwa wanaamini kwamba ukishalipa, kuna mtu ofisini anabonyeza kitu na umeme unakuja kwa waya. Hapana. Mita ya kawaida kama yetu haiongei na mtu. Umeme wenyewe umebebwa na zile tarakimu 20 za tokeni, unazotumiwa ukishalipa. Ndani yake kuna idadi ya uniti na muda tokeni ilipotengenezwa, na vyote vimefungwa kwa ufunguo wa siri unaoendana na mita yako peke yake. Ukiingiza, mita inafungua, inahakiki, inaongeza uniti, kisha inakumbuka kwamba hiyo imeshatumika. Ndiyo maana tokeni ya jirani haikubali kwako, na yako haikubali mara mbili hata ubonyeze kwa hasira namna gani. Nilipowaeleza hivyo, fundi cherehani wa chumba cha mwisho akasema, "Kumbe tunanunua vocha tu." Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

Risiti nayo inafaa kusomwa, na ni wachache wanaoisoma. Mwaka 2024 nilikuwa nikinunua umeme wa shilingi 10,000, ujumbe unakuja umechambuliwa: umeme wenyewe 8,196.72, VAT asilimia 18 ni 1,475.41, REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 ni 245.90, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 ni 81.97. Uniti 28.1. Bei ya uniti moja kabla ya makato ilikuwa shilingi 292, ukiweka makato inafika kama 356. Nilibandika risiti moja ukutani kando ya mita ili anayedhani namla hela asome mwenyewe. Imesaidia kiasi. Anayetaka kudhani hudhani tu.

Hapo ndipo nilipogundua jambo linalonikera kuliko yote. Wateja wadogo wa majumbani, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, walikuwa na bei yao ya shilingi 100 kwa uniti, sawa na 122 pamoja na makato. Kwa bei hiyo shilingi 5,000 ilinunua uniti 41. Kwa bei tuliyolipa sisi ilikuwa 14. Mama anayeuza vitumbua ana taa mbili na simu ya kuchaji. Mwalimu ana taa, redio na pasi ya Jumapili. Kila mmoja akiwa na mita yake huenda angekaa kwenye kundi la wadogo bila taabu. Lakini mfumo haumjui mama wa vitumbua wala mwalimu. Unaijua mita, na nyuma ya mita moja familia tano za kipato kidogo tunaonekana mteja mmoja mwenye matumizi makubwa.

Kodi ya majengo ni ugomvi mwingine wa aina hiyohiyo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, kisha mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Kwa mwenye nyumba ni nafuu, hapangi foleni popote. Kwa nyumba kama yetu, anayenunua umeme wa kwanza ndani ya mwezi ndiye anayekutana nayo. Mwalimu aliwahi kuingia mwezi mpya na shilingi 2,000 zake usiku, akapata uniti 1.4. Alinigongea mlango akiwa na simu mkononi kama ameshika ushahidi wa mauaji. Kodi ni ya mwenye nyumba, na tuliambiwa tangu mwanzo kwamba mpangaji aelewane naye wakatane kwenye pango. Kuelewana na mzee wetu kulichukua miezi minane na barua mbili. Siku hizi kila tarehe mosi nanunua mimi kwa hela ya wote, na mwisho wa mwaka tunampunguzia mzee 18,000 kwenye kodi ya pango.

Kuhusu kuchelewa kwa tokeni, nitasema moja tu. Ilikuwa Januari, msimu wa sare za shule, fundi ana cherehani ya umeme na wazazi wamejaa barazani. Uniti zikaisha. Nililipa 10,000 kupitia mtandao mmoja wa simu, sitautaja. Hela ikakatwa, ujumbe wa malipo ukaja, tokeni haikuja. Dakika kumi, nusu saa. Fundi ananiangalia, wazazi wananiangalia. Nikalipa tena 10,000 kwa laini nyingine, nayo kimya. Tokeni zote mbili ziliingia saa nane usiku, zimefuatana kama abiria wa basi moja. Kilichonipa nafuu ni kwamba tokeni haiozi kwa usiku mmoja: niliingiza zote mbili, zikakubali, nyumba ikawa na umeme wa wiki. Sasa tukibakiwa na uniti kumi nachangisha, kabla mita haijaanza kulia. Na silipi mara ya pili kabla ya kuangalia orodha ya tokeni za mwisho kwenye menyu, maana mara nyingine tokeni imeshatoka, ni ujumbe tu uliokwama.

Mwaka 2024 kigoda cha koridoni kilipata kazi maalumu. Mita hizi, hapa kwetu na duniani kote zinakotumia mtindo huu wa tokeni, zilikuwa zinahesabu muda kwa dakika kuanzia 1 Januari 1993, na nafasi ya kuandika hesabu hiyo inajaa ikifika dakika 16,777,216, karibu miaka 32. Ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haijaboreshwa ingekataa tokeni zote mpya. Kwa hiyo ukinunua umeme ulikuwa unapata makundi matatu ya tarakimu 20: mawili ya kubadilisha ufunguo wa mita, la tatu ndilo umeme. Tarakimu 60, juu ya kigoda, mwalimu akinisomea kwa sauti ya imla na watoto wakirudia nyuma yake. Tulikosea mara mbili. Ya tatu ilikubali, watoto wakapiga makofi.

Sasa kontroo namba, ambayo naiona dukani kila siku. Mfumo wa Serikali wa kukusanya malipo, GePG, ulianza kutumika mwaka 2017, na kwangu mimi uzuri wake hauko kwenye kasi. Uko kwenye mpangilio. Taasisi inayokudai inatuma deni kwenye mfumo: nani anadaiwa, kiasi gani, cha nini, mwisho lini. Mfumo unarudisha namba yenye tarakimu 12 inayoanzia na 99. Wewe unaipeleka benki, kwa wakala, au unaingia kwenye Malipo ya Serikali ya simu yako. Ukiiandika, kabla hela haijatoka, mtandao wa simu unauliza GePG, "Hii ni nini?" na jibu linarudi na jina na kiasi. Ukilipa, taarifa inarudi njia ileile hadi kwenye taasisi, na deni linafutwa bila wewe kupeleka karatasi dirishani.

Binamu yangu yuko Mombasa. Yeye akinunua umeme kwa M-Pesa anaandika namba ya Paybill 888880, halafu namba ya mita, halafu kiasi. Tulibishana siku nzima msibani ipi ni bora. Ya kwao namba inamtaja anayelipwa, mengine unaandika wewe. Ya kwetu namba inalitaja deni lenyewe. Yeye anasifia kwamba Paybill anaijua kwa moyo, haombi namba mpya kila mara. Kweli, hapo kanishinda. Lakini nami dukani nimeona watu wangapi wameokolewa na lile jina linalotokea kabla ya namba ya siri? Mzee anakuja na karatasi yenye kontroo namba ya kijana wake, naandika, linatoka jina la mtu mwingine kabisa. Tunasimama hapohapo, hela haijatoka. Kumbe moja ameisoma saba.

Ubaya wake nao upo. Namba ina tarehe ya mwisho, na watu wanaitunza kama cheti cha ndoa, wanakuja nayo imeshakufa. Halafu si kila deni linapokea malipo kidogokidogo. Kuna madeni unaweza kupunguza, na kuna yanayotaka kiasi kilekile hadi shilingi ya mwisho. Ada ya maombi ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ni shilingi 30,000, na kila msimu napata vijana wenye 30,000 kamili kwenye simu, wamesahau kwamba mtandao nao una makato yake. Nimeshawaongezea wengi. Wawili wamerudisha.

Bili ya maji ni kontroo namba pia, na huko shida yetu haikuwa mfumo. Ujumbe wa bili unakuja na usomaji uliopita, wa sasa, uniti zilizotumika, deni la nyuma. Uniti moja ni lita 1,000, madumu 50 ya lita 20. Ukiwaeleza watu kwa madumu wanaelewa upesi kwa nini bomba la uani lisiachwe linatiririka. Ila ujumbe huo unaenda kwenye simu ya mzee mwenye nyumba, na mzee anakaa Ifakara, shambani. Akiwa na chaji anautuma kwangu. Akisahau, anasahau. Mwaka mmoja alisahau miezi miwili, tukakatiwa, tukalipa na ada ya kurudishiwa juu. Nilipompigia akasema, "Mbona mimi hapa maji ninayo?" Baadaye nilimfuata hadi Ifakara, tukarudi naye, tukabadilisha namba ya simu iliyoandikishwa. Kazi ya dakika kumi na tano baada ya nauli ya watu wawili. Ukihamia nyumba mpya uliza jambo hili kabla hujauliza choo kiko wapi: ujumbe wa bili unaingia kwenye simu ya nani?

Ningekuwa natoa nyota, LUKU ningeipa nne, kontroo namba nne, na nyumba yetu mbili. Maana mfumo wote huo, na akili zake zote, unaishia kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani, mfumo ni mimi na daftari la kurasa 96. Maji tunagawana kwa vichwa, mtoto wa kunyonya hahesabiwi, ingawa nepi zake zinahesabika. Umeme tunagawana kwa vifaa: mwenye friji anatoa zaidi, mwenye cherehani anatoa zaidi, mwenye jiko la umeme anakana kuwa nalo hadi harufu ya maharage imsaliti saa tano usiku. Kila anayetoa hela anasaini. Nami kila ninacholipa nakipiga picha ya skrini na kukituma kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa sababu ujumbe wa simu unafutika, simu inaibiwa, na fundi hasahau.

Kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya mwezi wa kwanza wa uhasibu, na hakuna mfumo ambao ungelizuia. Tarakimu ya mwisho ya namba ya mita, ile ya kumi na moja, iko hapo kukagua zilizotangulia, hivyo ukikosea tarakimu moja malipo yanakataliwa. Lakini mimi sikukosea tarakimu. Simu ilikuwa imehifadhi mita ya nyumba niliyokuwa napanga zamani, Mazimbu, chini ya jina "LUKU nyumbani", nami nikabonyeza hapo kwa mazoea. Shilingi 5,000 za watu, tokeni halali kabisa, ya mita iliyo upande mwingine wa mji. Yetu ikaikataa mara tatu. Nililipa nyingine kwa hela yangu, kisha nikampigia mama mwenye nyumba wangu wa zamani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, umetutupa kabisa!"

Nikamweleza. Akaenda kwenye mita yake, nikamsomea nnennenne, yeye akirudia. Kimya kidogo, kisha nikasikia mita inalia.

"Zimeingia," akasema. "Mungu akubariki sana. Na mwezi ujao utatuma tarehe ngapi?"