Kufuma sweta moja mpaka liishe, au kazi tatu kwa zamu?

Mi nimejaribu njia zote mbili hapa Kabale, Uganda, na baridi yetu hii mnaijua, watoto hawangoji.

Kufuma moja tu kuna raha yake, uzi unaununua wote siku moja wenye namba ileile ya rangi kwenye lebo, maana ukirudi dukani baada ya mwezi unapewa bluu ambayo si bluu yako, na hesabu ya mistari unayo kichwani. Ila ukifika kwenye shingo, pale pa kupunguza vitanzi, huku maharage yanaungua na mtoto anauliza hesabu za shule, basi sweta linalala wiki mbili.

Tatu kwa zamu? Skafu ya kijinga ya kwenda na kurudi naibeba kwenye taksi, sweta gumu la usiku wakishalala, kofia ya mtoto katikati. Shida ni sindano, za milimita 4 ninazo jozi moja tu, na juzi kale kadogo kalichomoa moja kakakorogea uji, vitanzi 60 vikafumuka, nikacheka kwa hasira.

Mi sasa niko na mbili, moja rahisi, moja ngumu, na karatasi ya kuhesabia mistari nimeibana kwa pini.