Maziwa, Mvinyo na Pwani: Tathmini ya Safari ya Gari Kutoka George Hadi Cape Town

Wanandoa wengi wanaokwenda mkoa wa Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, wakati wa kiangazi cha huko, yaani kati ya Desemba na Februari, hukodi gari Cape Town, hufuata barabara kuu ya N2 hadi Knysna, kisha hurudi kwa njia ileile. Mimi na mke wangu tuliipanga safari kinyume: tulitua George, tukaanza na maziwa ya mji mdogo wa Wilderness, tukavuka milima kuingia nchi kavu ya Klein Karoo, tukaifuata Barabara ya 62 kupitia mashamba ya mizabibu hadi Robertson, tukateremka kusini hadi Rasi ya Agulhas, ndipo tukaelekea Cape Town kwa njia ya pwani. Nimeridhika kwamba mpangilio huu unawafaa zaidi watu wawili wanaopokezana usukani. Hata hivyo, zipo gharama na taratibu ambazo msafiri wa kutoka kwetu anapaswa kuzifahamu kabla ya kulipa chochote.

Nianze na gari, maana ndilo linaloamua mengi. Mwenye pasipoti ya Tanzania au ya Kenya haombi viza kwa matembezi mafupi, magari huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, na leseni yenye picha iliyoandikwa kwa Kiingereza inakubalika. Ugumu uko kwenye amana, kwa kuwa kampuni za kukodisha hushikilia fedha nyingi kwenye kadi ya mkopo, na kadi ya kawaida ya benki mara nyingi hukataliwa. Kampuni tuliyoitumia sisi ilitutoza ada nzito ya kuliacha gari katika mji mwingine. Ada hiyo ilikuwamo ndani ya mkataba, lakini haikuoneshwa kwenye bei tuliyoiona wakati wa kuweka nafasi, na hilo silioni kuwa haki kwa mteja. Ulizeni mapema, na muulize pia kama bima inahusu matairi na kioo cha mbele. Mkataba wetu ulikataza barabara za changarawe, na kwa sababu hiyo hatukuweza kuipita njia ya mlima ya Swartberg, iliyojengwa na Thomas Bain na kufunguliwa mwaka 1888. Anayeitamani njia hiyo atafute mkataba unaoiruhusu.

Wilderness iko karibu sana na George, na kosa la wageni wengi ni kuiona kama mahali pa kulala usiku mmoja tu. Eilandvlei, Langvlei na Rondevlei ni maziwa matatu yanayounganishwa kwa mifereji, na mfereji mwingine unaopindapinda huyaunganisha na mto Touw, ambao humwaga maji yake baharini pale tu mdomo wake unapokuwa wazi. Mchanga huuziba mdomo huo, maji hupanda polepole katika maziwa yote, na yakikaribia nyumba za watu, wasimamizi wa hifadhi huuchimbua ili yatoke. Mwaka 1991 maziwa haya yaliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ukikaa kimya katika kibanda cha kutazamia ndege kando ya Rondevlei asubuhi, kabla upepo haujaanza, utaelewa kwa nini.

Sisi tulikodi mtumbwi wa watu wawili tukapanda nao mto Touw. Maji yake yana rangi ya chai isiyotiwa maziwa, kwa sababu ya majani na mizizi ya msituni, na bado ni safi kiasi kwamba uliona kasia likizama hadi ncha yake ikageuka rangi ya shaba kabla ya kupotea. Kadiri mto unavyopungua upana ndivyo miti inavyokaribiana juu, na sehemu ya mwisho hutembewa kwa miguu juu ya njia ya mbao hadi kwenye maporomoko. Nashauri siku nzima itengwe kwa ajili ya mto huu peke yake. Knysna ni mji mzuri na chaza zake zina sifa, lakini mwezi Desemba foleni ya magari mjini humo inachosha. Kama mko huko Jumamosi, soko la wakulima la Sedgefield linatosha kwa kifungua kinywa na mahitaji ya njiani.

Kutoka George, barabara ya N12 huupanda mlima Outeniqua kwa njia iliyokamilika mwaka 1951, ambayo sehemu yake ilijengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitalia. Upande wa bahari mlima ni kijani na una ukungu. Mawingu humwaga mvua yake huko, na upande wa pili unapokewa na nchi kavu yenye joto kali. Tuliufunga mlango wa gari tukiwa na sweta, tukaufungua katika mji wa Oudtshoorn tukitafuta kivuli. Oudtshoorn yenyewe, pamoja na mbuni wake na mapango ya Cango, imeandikwa vya kutosha na wengine.

Nchi ya mvinyo inaanzia Calitzdorp. Hapa hulimwa zabibu za asili ya Ureno, kama Touriga Nacional, na hutengenezwa mvinyo mtamu wenye nguvu kwa kuongeza pombe kali wakati zabibu zingali zinachachuka, hivyo sukari hubaki. Wenyeji hawauiti tena kwa jina la Port, kutokana na makubaliano na Umoja wa Ulaya. Chupani utasoma Cape Ruby au Cape Tawny. Mhudumu aliyetupokea alitumiminia aina tatu kwa mpangilio wa umri, akatuachia muda wa kunusa kabla ya kueleza lolote, na hiyo ndiyo huduma niliyoipenda kuliko zote njiani.

Kutoka hapo hadi Barrydale na Montagu barabara ni ya lami nzuri, magari ni machache, na mandhari ya miamba myekundu hayachoshi. Vibanda vya mashambani huuza pichi, aprikoti, biltong (nyama iliyokaushwa) na mikate iliyookwa juu ya makaa, na chakula chetu cha mchana karibu kila siku kilitoka humo, kwa bei nafuu kuliko ya mkahawa wowote. Baada ya Montagu barabara hupenya tundu la mwamba katika korongo la Cogmanskloof, na bonde la Robertson hufunguka mbele yenu.

Robertson hupata mvua kidogo, lakini mto Breede huinywesha mizabibu, udongo wake una chokaa, na upepo wa alasiri kutoka baharini huipunguzia joto. Ndiyo maana mvinyo mweupe wa Chardonnay wa hapa unasifiwa. Kwa wanandoa naiona bora kuliko Stellenbosch. Hakuna msongamano, ada ya kuonja ni ndogo, na mara nyingi husamehewa ukinunua chupa. Jumapili, hata hivyo, mashamba kadhaa hufungwa. Sheria inamwekea dereva kikomo cha gramu 0.05 za kileo kwa kila mililita 100 za damu, na kikomo hicho hufikiwa upesi kuliko watu wanavyodhani. Sisi tulipokezana: siku ya mke wangu kuonja, mimi sikugusa glasi, na kesho yake ikawa zamu yangu. Kama nyote mnataka kuonja siku moja, laleni shambani penyewe, kwa maana mengi yana vyumba vya wageni.

Siwezi kuusifu mvinyo huu nikanyamaza kuhusu watu walioujenga. Mizabibu ya Rasi ilipandwa na kutunzwa na watumwa, wakiwamo walioletwa kutoka Madagaska na Msumbiji, na baada ya utumwa vibarua waliendelea kwa miaka mingi kulipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, desturi iliyoacha madhara makubwa ya ulevi katika familia zao. Kwa hiyo nasisitiza kituo cha Elim, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari wa Kimoravian mwaka 1824, kanisa ambalo wasomaji wa Rungwe na Tabora wanalijua vizuri. Nyumba zake nyeupe zimeezekwa kwa nyasi, na kuna mnara wa kukumbuka ukombozi wa watumwa. Tulikipita kijiji polepole kwa miguu, na palitugusa sana.

Elim iko kati ya Agulhas na Gansbaai, hivyo huungana vyema na sehemu ya pwani. Rasi ya Agulhas ndiyo ncha ya kusini kabisa ya bara letu, na ndipo Bahari ya Hindi na Atlantiki zinapotenganishwa rasmi. Mnara wake wa taa, ulioanza kuwaka mwaka 1849, unaweza kupandwa kwa ngazi. Kando ya bahari, nje kidogo ya mji, kuna kuta za mawe zilizowekwa na wavuvi wa kale ili maji yakipwa samaki wabaki ndani, kazi ileile inayofanywa na uzio wa kutegea samaki katika pwani yetu. Nendeni maji yakiwa yamekupwa, vinginevyo hamtaziona.

Hermanus inatangazwa kwa nyangumi, lakini nyangumi huonekana zaidi kati ya Juni na Novemba, na anayekwenda Januari asilipe boti kwa tumaini hilo. Njia ya miguu juu ya magenge yake inatosha, na haina kiingilio. Kutoka hapo msifuate N2 hadi Cape Town. Pitieni Betty's Bay, ambako pengwini huonekana kwa karibu pale Stony Point, kisha barabara ya R44 kati ya Rooi-Els na Gordon's Bay, ambayo imekatwa ubavuni mwa mlima juu ya bahari. Ipiteni asubuhi, kwa sababu alasiri upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na sehemu za kuegesha gari hujaa.