Phantom 4 Pro au Mavic 2 Pro kwa kupima ardhi?

Droni hizi mbili zina kamera ya megapikseli 20 yenye kihisi (kipande kinachopokea mwanga wa picha) cha inchi 1, na betri ya kila moja hukaa hewani takriban nusu saa. Tofauti kubwa ipo kwenye shata, yaani kifungua-mwanga cha kamera. Phantom ina shata ya kimakanika: picha nzima inanaswa kwa mara moja droni ikiwa inakwenda. Mavic husoma kihisi mstari kwa mstari, kwa hiyo ukiirusha kasi, umbo la nyumba na mipaka hupinda kidogo, na kosa hilo huingia kwenye ramani. Dawa ni kupunguza mwendo, lakini hapo betri inakwisha kabla shamba halijakwisha.

Kwa kubeba, Mavic inashinda waziwazi: gramu 907, inakunjwa, inaingia kwenye begi la mgongoni. Phantom ni gramu 1,388 na sanduku lake ni mzigo kwenye bodaboda.

Leo utazipata za mitumba tu, kwa hiyo kagua betri kabla ya kamera.

Unapima viwanja vya watu? Ningechukua Phantom. Shamba lako mwenyewe, au picha za kijiji? Mavic inakutosha. Alama za ardhini, zile unazoweka shambani na kuzipima mahali pake ili ramani ikae sawa, usiziache kwa yoyote ile.