Jiko la makaa lenye kiuno: tathmini ya bidhaa ya Shauri Moyo

Ni bidhaa chache zilizobuniwa Kenya ambazo zimeingia katika nyumba za watu wa kawaida kama jiko la makaa lenye kiuno, ambalo wataalamu huliita Jiko la Kauri la Kenya na wanunuzi huliita jiko tu. Nimenunua jipya hivi karibuni pale Shauri Moyo, Nairobi, baada ya la zamani kuliwa na kutu, na nimeona vyema kulitathmini kama mtu anavyotathmini simu au gari, kwa kuwa fikra iliyotiwa ndani yake si haba.

Bati lake ni pana juu, limebanwa katikati, kisha limetanuka tena chini. Nusu ya juu imevishwa kwa ndani bakuli la udongo uliochomwa, lenye matundu ya kupitisha hewa na kudondosha majivu, na nusu ya chini ni bati tupu lenye mlango mdogo. Bakuli hilo halikupigiliwa misumari. Limekalia mteremko wa kile kiuno, na kati yake na bati fundi amejaza mchanganyiko wa saruji na vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto lisitorokee ubavuni. Juu kuna vyuma vitatu vya kutegea sufuria, pembeni vishikio viwili, chini miguu mitatu.

Kiuno hicho ndicho kiini cha ubunifu wote. Jiko la bati lililotangulia, ambalo husimuliwa kuwa lililetwa na wafanyakazi wa Kihindi waliojenga reli, lilipoteza joto jingi kupitia ubavu wake, na bati lenyewe liliungua na kutoboka upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kipindi ambacho bei ya mafuta na ukataji wa miti vilizisumbua serikali nyingi, na Umoja wa Mataifa ukafanya mkutano wake wa nishati mpya na jadidifu jijini Nairobi mwaka 1981, wataalamu wa Kenya walilichunguza jiko la ndoo la Thailand, ambalo lina udongo kwa ndani. Kulichukua lilivyo hakukufaa. Bati na udongo havitanuki kwa kiasi kimoja vinapopata moto, hivyo udongo ulioshikamana na bati kutoka juu hadi chini ulikuwa mzito, uliongeza gharama na ulipasuka. Suluhisho lilikuwa kuuweka udongo pale tu moto unapokaa, na kuliachia bati kazi ya kuubeba kwa umbo lake. Kitako kipana nacho kilileta faida ambayo kila asongaye ugali anaijua: jiko haliyumbi mwiko unapokazwa.

Kwa upande wa biashara, uamuzi uliofanywa wakati ule una uzito sawa na uhandisi wenyewe. Mradi wa Wizara ya Nishati uliofadhiliwa na Marekani, pamoja na muungano wa mashirika ulioitwa KENGO, haukujenga kiwanda kimoja kikubwa, bali uliwafundisha mafundi wa jua kali ambao tayari walikuwa wakigonga majiko ya bati. Kazi ikagawanyika: wafinyanzi wanatengeneza na kuchoma mabakuli, mafundi wa bati wanakata mabati na mapipa chakavu, wengine wanaunganisha, na wachuuzi wanauza. Hakuna aliyelazimika kuomba ruhusa ya kuiga. Bei ya mwanzo ilikuwa juu mno kwa familia nyingi, lakini ilishuka kadiri karakana zilivyoongezeka, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 majiko zaidi ya 700,000 yalikuwa yakitumika nchini. Umbo hilohilo lilivuka mipaka hadi Tanzania na Uganda, na likafika Ethiopia, ambako linaitwa Lakech, na Ghana, ambako linaitwa Gyapa. Mtu akiniuliza ubunifu una faida gani kwa jamii, nitampeleka kwanza kwenye vibanda vya Shauri Moyo, ambako kelele za nyundo hazikuruhusu kuzungumza bila kupaza sauti, kisha ndipo nimpeleke kwenye kongamano la hoteli.

Nyumbani, jiko hili linafanya lile lililoahidiwa. Vipimo vilivyochapishwa huonyesha kwamba linapunguza matumizi ya makaa kwa asilimia 30 hadi 50 likilinganishwa na jiko la bati, na jikoni kwangu sina sababu ya kuvipinga. Maharagwe yanaiva kwa makaa ya kujazwa mara moja, kwa sharti kwamba mlango wa hewa ufungwe yakishaanza kutokota, jambo ambalo watu wengi hulisahau kisha wakalaumu jiko. Linapendeza zaidi kwenye wali wa nazi: maji yakikaribia kukauka, unapunguza moto wa chini, unapalia makaa juu ya kifuniko, na joto lililojificha kwenye udongo linamalizia kazi taratibu bila kuunguza. Udhaifu wake jikoni ni kwamba linachelewa kushika moto, kwa kuwa udongo wenyewe lazima upate joto kwanza. Kwa chai ya haraka ya alfajiri, si chaguo langu.

Upungufu mkubwa zaidi umetokana na uhuru uleule niliousifu. Kwa kuwa kila mtu anaweza kulitengeneza, kila mtu hulitengeneza. Kando ya barabara kuna majiko yaliyopakwa rangi ya kuvutia, ambayo ndani yake bakuli halikuchomwa vya kutosha na saruji imewekwa kijuujuu, na hayana alama yoyote ya ubora ya kumwongoza mnunuzi. Moja nililouziwa kwa namna hiyo lilipasuka kabla hata rangi haijababuka. Kwa hiyo usinunue kwa macho peke yake. Gonga bakuli kwa kifundo cha kidole: lililochomwa vizuri hulia kwa mlio mwembamba, na lenye ufa hutoa sauti ya kufifia. Litikise kidogo uone kama linacheza ndani ya bati. Fungua na ufunge mlango, kwa maana mlango usiofunga unakula akiba yote ya makaa. Ukifika nalo nyumbani, acha saruji ikauke kabisa, na moto wa kwanza uwe mdogo.

Washindani wapo. Jikokoa ya kampuni ya Burn, inayotengenezwa kiwandani Ruiru, imetengenezwa kwa ustadi na hutumia makaa machache zaidi, ila bei yake ni mara kadhaa ya hili, na kwa mtu anayenunua makaa kwa mkebe, pesa ya kutoa kwa mkupuo ndiyo tatizo lenyewe. Gesi ni safi kuliko yote mawili. Katika hilo sina utetezi: jiko lenye kiuno bado ni jiko la makaa, bado linategemea miti, na bado linatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu waliolala vyumba vilivyofungwa, hasa msimu wa baridi wa Juni na Julai. Liwashie nje, lipikie penye hewa, wala usiliingize chumbani kuota moto.

Kwa mwenye gesi, ni jiko la pili la kupikia vyakula vya kuchemka kwa muda mrefu. Kwa asiye nayo, ndilo ningemshauri anunue, moja kwa moja kwa fundi anayeliunganisha. Huko ataweza pia kuuliza bei ya bakuli peke yake, kwa sababu likipasuka na bati bado zima, fundi huling'oa, akaweka jingine na saruji mpya, na gharama huwa ndogo kuliko ya jiko zima.