Siku 90 na kitabu cha tafakari za kila siku cha wanawake: maoni yangu bila kupaka mafuta

Bwana asifiwe, wapendwa. Ngojeni kwanza nizime hii feni, manake mara iliyopita mlilalamika kwamba mnasikia upepo kuliko mnavyonisikia mimi. Haya. Sasa joto litaniua, kwa hiyo mkiniona najipangusa na leso, nivumilieni.

Leo nimekuja na hiki. Mnakiona? Nimekivisha karatasi ya kalenda kuukuu, vile tulivyokuwa tukivisha vitabu vya shule, jina lisionekane. Nina maneno ya kukisema na sitaki mtu aje kuniambia naharibia watu biashara. Na tena nusu ya nitakayosema huenda yakahusu hata kile ulicho nacho wewe hapo kando ya kitanda. Ni kitabu cha tafakari za kila siku cha wanawake Wakristo. Kurasa 365, kila siku na tarehe yake: aya juu, kisa kifupi katikati, sala chini, halafu mistari sita ya kuandika mwenyewe. Kimeandikwa Marekani kwa Kiingereza, kikatafsiriwa. Nilikinunua mjini shilingi 850, mwanzo wa Januari, na nimekaa nacho siku 90. Sisemi mfululizo. Nitawaeleza.

Mimi ni fundi wa nguo, kwa hiyo kitabu nakitazama mgongo kabla sijakisoma. Hiki hakikushonwa, kimegundishwa. Tazameni hapa, nikisogeze karibu… ukikifungua kikalala chali, unasikia gundi inavyolia. Mombasa hii, na joto la kaskazi na chumvi ya bahari, gundi ya hivi haifiki Pasaka. Kurasa za Februari ziling'oka zote, nikazishona mwenyewe kwa uzi wa jinzi, mshono wenyewe huu. Karatasi nayo nyepesi, ukiandika kwa peni ya wino mwingi maneno yanatokea upande wa pili. Utepe wa alama ndio nimeupenda, ni satini, na mwisho wake umepitishwa moto usichanuke. Na herufi ni kubwa. Mama yangu amesoma bila miwani, hapo nawapa alama zote.

Ndani sasa.

Mimi naamka na adhana ya alfajiri. Msikiti uko nyumba ya nne kutoka kwetu, hapa Likoni, na saa ya kengele sijawahi kununua maishani mwangu. Jirani anatia udhu, mimi nabandika chai na kufungua kitabu. Dakika saba umemaliza ukurasa. Hilo ndilo watu wanalolisifu, na kwa mwanamke mwenye watoto wa kuvisha sare na feri ya kuwahi, dakika saba si haba.

Lakini jamani, wiki ya kwanza tu, mwanamke anakoroga kakao ya moto, anatazama theluji dirishani, anatafakari usafi wa moyo. Theluji mimi naijua ile ya kwenye friza, ninayoikwangua kwa kisu samaki wakigandamana. Najua imo kwenye Biblia, Isaya 1:18, dhambi zitakuwa nyeupe kama theluji, sina ugomvi na Isaya. Ila Januari yote ni baridi, makoti, kuni za kuota moto, na mimi huku nasoma jasho linadondoka kwenye ukurasa. Inachekesha siku tatu, siku ya kumi inachosha.

Hilo ni dogo. Kubwa ni aya zenyewe. Siku moja nilimsomea mama, akanikatisha: "Hiyo umeitoa wapi?" Ilikuwa Zaburi 46:10. Kitabu kimeandika, "Tulia, na utambue kwamba mimi ndiye Mungu." Mama anaijua Zaburi hiyo kwa moyo tangu msichana, na anavyoijua ni hivi: "Acheni, mjue ya kuwa Mimi ni Mungu." Ndiyo Biblia ya Muungano, ya 1952, ambayo wengi wetu tumekaririshwa Shule ya Jumapili. Mfasiri alikuta aya kwa Kiingereza akaifasiri upya mwenyewe, badala ya kunyoosha mkono kwenye rafu akachukua Biblia ya Kiswahili iliyopo. Sasa aya ambayo ungeisikia kwa sauti ya bibi yako inakuja kama mgeni. Na hapa zaidi, "Acheni" inasema na watu wengi, "Tulia" inasema na mimi peke yangu. Hicho si kitu kidogo. Ukienda dukani, fungua kurasa tatu, tafuta aya unayoijua. Ikiwa ngeni masikioni, ujue kilichobaki ndani kimetafsiriwa vivyo hivyo.

Sasa Yeremia 29:11. Mnaijua: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Katika siku zangu 90 imekuja mara tatu. Mara ya kwanza ni ya mwanamke aliyekosa kazi, akapata nzuri zaidi mwezi uliofuata. Mara ya pili ni nyumba. Mara ya tatu nikasema hapana, leo nafungua sura nzima. Dada zangu, ile ni barua! Nabii anawaandikia watu waliochukuliwa mateka hadi Babeli. Aya ya 5 inawaambia wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake. Na aya ya 10, ile iliyo juu kabisa ya hiyo ya 11, inataja miaka 70. Sabini! Waliosomewa barua ile wakiwa watu wazima wengi wao hawakurudi nyumbani. Kitabu changu kimeruka aya ya 10 mara zote tatu.

Wateja wangu wengine huja na kipande cha kitambaa, kile wanachokatiwa dukani cha kuonyesha rangi. Rangi unaiona, ndiyo, lakini gauni huwezi kushona. Aya moja iliyokatwa peke yake naiona hivyo. Basi tangu siku ile nikageuza utaratibu: kwanza sura nzima kwenye Biblia, ndipo ukurasa wa kitabu. Dakika saba zikawa ishirini, jikoni hazitoshi, kwa hiyo zilizobaki namalizia feri.

Na hapo ndipo kitabu kilinishangaza. Siku ya Hajiri, Mwanzo 16. Nikasema haya, tutaambiwa tuvumilie. Wapi! Mwandishi hakuhubiri. Aliweka swali la malaika peke yake katikati ya ukurasa: "Unatoka wapi, nawe unakwenda wapi?" Chini yake hakuna kitu, nafasi tupu. Nilikuwa kwenye banda la kungojea feri, saa kumi na mbili na nusu, watu wamebanana, mmoja ana kuku kwenye kikapu, kijana mbele yangu ana mfuko wa simenti begani. Lango likafunguliwa, watu wakaanza kuteremka mbio kama kawaida yetu, na mimi nimesimama na hilo swali. Wanaotoka mjini wanakuja huku, sisi tunakwenda kule. Nilisukumwa nikapitwa, feri ikaondoka nikaikosa, na sikujali. Hajiri alikuwa mjakazi, mjamzito, amekimbia mateso, na ndiye aliyempa Mungu jina: "Wewe U Mungu uonaye mimi." Ukurasa huo mmoja nimeulipia shilingi 300 kati ya zile 850, nahesabu hivyo.

Kuhusu tarehe, hili nalisema kwa uchungu. Machi mtoto aliumwa, siku tisa sikugusa kitabu. Niliporudi, nakuta Machi 14 inanitazama na mimi niliachia tarehe 5. Nikakaa usiku nilipe deni, kurasa tisa kwa mpigo, nasinzia, sala tisa zilizochapwa nazisoma kama mtu anayesoma risiti. Tangu lini kukaa na Mungu kukawa mkopo? Kitabu kilichoandikwa "Siku ya 1, Siku ya 2" hakikudai hivyo, unaendelea ulipoachia. Ukiweza kuchagua, chagua hicho. Au usinunue kabisa: Mithali ina sura 31, mwezi una siku 31 kwa urefu wake, ukikosa tarehe 9 unasoma ya 10 na hakuna anayekudai. Kuna programu za simu pia, wanaozipenda sawa, mimi yangu inanikumbusha kusali katikati ya kumpima mteja kiuno.

Na ile mistari sita ya kuandika? Niwe mkweli. Januari nimeandika vizuri, mawazo, maombi. Februari… nisome? "Kifua 40, kiuno 34, mkono mrefu, Ijumaa." Hii hapa nyingine, "anadaiwa 600." Mtanisamehe, daftari la vipimo huwa silioni asubuhi.

Kuna kitu kimoja nilikitafuta humu sikukiona. Siku 90, wanawake wa visa vyote wanakaa kwenye miji yenye theluji. Mbona asitajwe Rosine Krapf, mke wa mmisionari Krapf? Alifika hapa Mombasa na mumewe mwaka 1844, akajifungua, na mwaka huohuo akafa, na kitoto kichanga kikamfuata. Amezikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Na mwaka huohuo mumewe alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Kadhi! Kila nikiikumbuka hiyo na hapo ndipo adhana inalia, nacheka peke yangu jikoni. Au wale watumwa walioachiwa huru wakapewa makao Frere Town, hapo Kisauni, mwaka 1875, walikuwemo akina mama pale. Mwanamke wa Kisauni akisoma ukurasa wa namna hiyo angejua anasemeshwa yeye. Kina mama wenye kalamu mnaonitazama, kazi iko hapo.

Haya, mliniuliza maswali. Kinamfaa aliyeokoka juzi? Kinamfaa, mradi Biblia iwe mkono wa pili. Msichana wa miaka 15? Wangu sikumnunulia, nilimpa Ruthu, sura nne tu, na yeye mwenyewe akaja kuniuliza habari za Boazi. Kina mama wasiosoma? Kisomwe kwa sauti kwenye ushirika wa nyumbani, visa vyake ni vifupi, vinafaa, ruka vya kakao. Shilingi 850? Mimi ningetoa 500, na sindano na uzi viwe tayari nyumbani.

Nitaendelea nacho hadi Desemba, kimeshonwa tayari, hakitoki tena. Mkinikuta feri nimekifungua msinisemeshe mpaka tushuke. Wacha niwashe feni.