Hamira ya bia niliyoagiza Dar, muuzaji ananiambia nitumie ya maandazi

Joto la Mtwara silisemi, hilo linajulikana. Nasema huyu aliyeniuzia, maana nilimwambia mapema kabisa mzigo napokelea stendi Mkanaledi, hamira ya maji haivumilii safari ile bila barafu, weka barafu nitalipia. Hela ya barafu kachukua. Nafungua boksi hata tone la baridi hamna, pakiti ya moto, imevimba inataka kupasuka, imekaa kwenye buti la basi kutoka Dar mpaka huku.

Nikampigia kwa heshima zote. Akanijibu: "Dada, hamira ni hamira, kama imekufa si utie ya maandazi, kwani huko kusini si mnakunywa uraka?" Akakata simu.

Jamani hilo la uraka, pombe yetu ya mabibo, limenikaa kooni mpaka leo. Uraka unachacha wenyewe, kwa hamira iliyopo kwenye ganda la bibo, hautiwi kitu, na wazee wetu wanajua kuukamua kuliko yeye anavyojua kufunga boksi. Mimi nilikuwa napika bia kali, lita 20, haidromita, kile kipimo cha sukari kwenye bia, inasoma 1.090. Bia ya hivyo inataka seli za hamira bilioni 300 na ushee, na pakiti moja ikiwa mpya kabisa ina kama bilioni 100, sasa hiyo iliyoiva kwenye buti zimebaki ngapi? Ukitia chache kwenye sukari nyingi vile zinachoka njiani, bia inabaki tamu ya kukera. Ya maandazi imechaguliwa iumue unga haraka, ndo kazi yake, hii kazi nyingine.

Basi nikazikuza seli zilizosalia. Kimea cha unga, yale maji matamu ya kimea yaliyokaushwa, gramu 100, maji lita moja, nikachemsha, nikaacha ipoe kabisa, nikamimina kwenye chupa iliyochemshwa, hamira ndani, juu foili nimeilegeza, na kila nikipita naitikisa maana zikiwa zinazaliana zinataka hewa. Kutwa nzima kimya, nilimsema yule mtu peke yangu jikoni. Usiku nachungulia naona pete ya povu nyembamba ukingoni, nanusa, harufu ya mkate! Nilipiga kigelegele. Ilipotulia nikaweka friji, asubuhi chini kuna tabaka jeupe zito kama tui la kwanza, nikamwaga maji ya juu nikazilisha tena, sasa lita mbili na kimea gramu 200.

Ndoo ya bia nikaitia hamira hiyo, nikaisimamisha kwenye beseni la maji na chupa za barafu joto lisipite digrii 20, na ile hamira iliyoitwa maiti ikaila bia mpaka 1.020. Ladha safi, haina ukali wa kuchoma koo.

Nilitaka kutoa nyota moja. Lakini hamira yenyewe ni ya ajabu, haki yake tano. Basi nne. Hapana, nikikumbuka alivyokata simu natoa mbili na hizo zote ni za hamira, yeye hana hata moja. Kama lazima umnunulie agiza ya unga kavu, inavumilia safari. Au usimnunulie kabisa, mimi kabla ya kutia kwenye ndoo nilitenga chupa moja iko friji naendelea kuikuza, aliyeko Lindi au Masasi anayepika aje na chupa yake safi nimgawie bure.